"Juma ni simba": Safari ndefu ya majina ya tamathali

MWALIMU mmoja wa Kiswahili kutoka magharibi mwa Kenya ameniandikia kunieleza kisa ambacho, kwa maneno yake, kimeigawa idara yao. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alipewa sentensi "Juma ni simba" akatakiwa ataje tamathali iliyotumika. Akajibu: istiari. Aliyesahihisha alitaka "sitiari", kwa hivyo akamnyima alama. Mwalimu wa pili akasema istiari na sitiari ni kitu kimoja, mtoto arudishiwe alama yake. Wa tatu, ambaye nasikia ana vitabu vingi kuliko wenzake wote, akashikilia kwamba wamepotoka wote wawili, ati hiyo ni jazanda. Sasa mwandishi wa barua anataka hukumu.

Hukumu nitaitoa, msomaji mpenzi, lakini si kabla ya kuuliza majina haya yalitoka wapi. Nimefundisha fasihi miaka mingi na ninaamini kwamba ugomvi wa aina hii hauishi kwa sababu tunayashika majina kama vibandiko vya bei dukani. Hatujui kwamba kila jina liliwahi kuwa hoja ya mtu fulani kuhusu jinsi lugha inavyofanya kazi.

Hebu tazama orodha yenyewe: tashbihi, istiari, tashihisi, takriri, kinaya, majazi, mubalagha, balagha. Yote ni ya asili ya Kiarabu. Hata neno tamathali ni ndugu wa damu wa mithili na methali. Hakuna aibu hapo; lugha zote hukopa. Ila mkopaji mwerevu hujua alichokikopa kilikuwa kinafanya kazi gani kwa mwenyewe.

Chukua balagha. Sisi tumelibakisha katika "swali la balagha", yaani swali lisilohitaji jibu. Kwa Waarabu, balagha ni taaluma nzima ya ufasaha, na shina lake lina maana ya kufika. Ni shina lile lile lililotupa kubaleghe, kwa kuwa kijana aliyebaleghe amefika utu uzima. Maneno yenye balagha ni maneno yaliyofika: yametoka kinywani kwa msemaji yakatua moyoni mwa msikilizaji bila kupotelea njiani. Na mubalagha ni kupita pale ulipopaswa kufika. Mtu akilijua hilo, hahitaji kukariri fasili ya mubalagha.

Taaluma hiyo haikuzaliwa darasani kwa utulivu. Mmoja wa waasisi wake alikuwa mwana wa mfalme, Ibn al-Mu'tazz wa ukoo wa Abbas kule Iraki. Mwaka wa 887 aliandika kitabu kuhusu mapambo ya lugha kwa nia ya ubishi mtupu. Washairi wa kisasa wa zama zake walikuwa wakijigamba kwamba wamevumbua mtindo mpya, naye akataka kuonyesha kwamba mapambo yao yote yalikuwamo tayari katika mashairi ya kale na katika Kurani. Aliyapanga mapambo makuu katika mafungu matano, na la kwanza kabisa lilikuwa istiara. Maskini mwenyewe alikuja kutawazwa khalifa mwaka wa 908, akatawala siku moja tu, kisha akauawa. Kitabu chake kimedumu zaidi ya elfu moja.

Istiara, ndiyo hiyo tunayoiita istiari au sitiari, maana yake ni kuazima. Wagiriki walikuwa na taswira nyingine. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitumia neno metafora, lenye maana ya kuhamisha: jina linatolewa kwa mwenyewe likapelekwa kwingine. Mimi naona taswira ya Waarabu ni nzuri zaidi. Kinachohamishwa huenda kisirudi, lakini kilichoazimwa kinabaki kuwa mali ya mwenyewe. Ukimwita mtu simba, umeazima jina kwa mnyama, na jina hilo linapokuja kwa mtu linakuja na harufu ya mwituni. Kama harufu imekwisha, basi haikuwa istiara tena. Ni neno la kawaida tu, kama tunavyosema "mguu wa meza" bila kumfikiria mtu yeyote mwenye mguu.

Sasa tufike kwa Juma wetu. Katika karne ya 11, katika mji wa Jurjan uliomo Iran ya leo, aliishi mwanasarufi aitwaye Abd al-Qahir al-Jurjani. Nafikiri ndiye aliyewaza kwa kina kuliko wote kuhusu jambo hili. Na hebu fikiria: mfano aliouhangaikia ni ule ule uliowagombanisha walimu wetu, ila yeye alimwita mtu wake Zaid badala ya Juma. Je, "Zaid ni simba" ni istiara?

Jibu lake: la. Alisema hiyo ni tashbihi. Kilichotokea ni kwamba kiungo cha mlinganisho, lile neno "kama", kimeachwa. Lakini Zaid yupo, simba yupo, na msikilizaji anawaona wote wawili wamesimama bega kwa bega. Kuazima hakujatokea. Istiara huja pale Zaid anapoondolewa kabisa, msemaji akasema, "Nilimwona simba," huku akimaanisha mtu shujaa. Hapo simba ameazimwa kweli, na msikilizaji ndiye anayepaswa kumtafuta Zaid nyuma ya manyoya. Ukisema, "Simba alipanda jukwaani akashika kipaza sauti," msikilizaji anajua mara moja kwamba simba wa mwituni hashiki kipaza sauti, na akili yake inaanza kazi. Jurjani alijali sana kazi hiyo ya akili. Aliona kwamba raha ya lugha ya picha imo katika ule muda mfupi wa kutafuta na kupata. Aristotle naye, alipozungumzia Achilles na simba katika kitabu chake cha ufasaha, aliutambua mpaka huo huo: kumfananisha shujaa na simba ni jambo moja, na kumtaja simba peke yake huku ukimkusudia shujaa ni jambo jingine.

Kwa hiyo kwa mizani ya Jurjani, idara nzima ya rafiki yangu ingepata sufuri, na mwanafunzi pia. Ngojeni lakini, bado sijatoa hukumu.

Kinaya kimesafiri mbali zaidi. Katika balagha ya Kiarabu, kinaya ni kulitaja jambo kwa kutaja kinachoandamana nalo. Mfano wao wa tangu jadi ni kusema fulani ni mtu wa majivu mengi. Majivu mengi maana yake moto mwingi; moto mwingi maana yake mapishi mengi; mapishi mengi maana yake wageni hawakatiki; na wageni hawakatiki kwa kuwa mwenye nyumba ni karimu. Ngazi nne zimeshukwa kwa neno moja! Na angalia kwamba majivu yenyewe ni ya kweli. Simba wa Juma si wa kweli, ila jivu la mtu karimu ukienda jikoni kwake utalikuta.

Leo mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari nchini kinaya ni nini. Atakuambia ni matokeo kuwa kinyume na matarajio: kituo cha zimamoto kuteketea, au mhubiri wa amani kutiwa mbaroni kwa kupigana. Amekosea? Hata kidogo. Hiyo ndiyo maana ya Kiswahili sasa, na lugha ni ya wasemao. Ninavyoona mimi, neno lilibadilika tulipoanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa kuchungulia vitabu vya fasihi ya Kiingereza. Kule kulikuwa na orodha ya tamathali, na kila kipengele kilihitaji jina la Kiswahili. Kinaya kilikuwa karibu, maana nacho kina tabia ya kusema hiki na kukusudia kile, kikatwikwa mzigo ambao haukuwa wake. Tulichopoteza ni jina la ule ujanja wa majivu. Wengine huusukuma chini ya taashira, wengine huupita kimya. Na ujanja wenyewe tunao tele. Mama akisema, "Nyumba ile mlango wake haufungwi," hazungumzii kitasa.

Majazi ndilo lililoanguka kutoka juu kabisa. Shuleni leo majazi ni mbinu ya kumpa mhusika jina linaloafiki tabia yake. Waliosoma *Kidagaa Kimemwozea* cha marehemu Ken Walibora wanamkumbuka Mtukufu Nasaba Bora, na Majisifu ndugu yake. Kwa wanabalagha majazi yalikuwa bahari yote: kila neno lililovuka mpaka wa maana yake ya asili kwenda maana nyingine liliitwa majazi, kwa sababu shina la neno ni kupita, kuvuka. Kinyume chake kiliitwa hakika. Neno hakika bado tunalo kila siku mdomoni, lakini tumesahau kwamba lilikuwa na pacha.

Na msidhani huo ulikuwa mchezo wa wasomi wasio na kazi. Kama Kitabu kinataja mkono wa Mungu, je, ni hakika au ni majazi? Madhehebu yaligawanyika juu ya swali hilo. Wamu'tazila walisema mkono ni nguvu au neema, majazi matupu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka wa 1328, alikataa hata huo mgawanyo wenyewe wa hakika na majazi. Aliona ni mlango wa watu kuyageuza maneno matakatifu wapendavyo. Kwa wasomi hao, kutaja tamathali isivyo kulikuwa na gharama kubwa kuliko alama moja ya mtihani.

Lakini nisieleweke kana kwamba Waswahili walikaa pwani kusubiri jahazi la Waarabu liwaletee lugha ya mafumbo. Majina mengine yalikuja kwa pepo za kaskazi. Ufundi ulikuwapo, nao una majina yake wenyewe. Chuku, kwa mfano, ni ile pembe ya kuumikia. Mwumikaji huibandika mwilini, akafyonza hewa, na ngozi ikavimba ndani ya pembe. Anayepiga chuku katika mazungumzo hufanya vivyo hivyo: jambo lipo, halikubuniwa, ila limefyonzwa hadi likavimba. Kijembe nacho ni kisu kidogo, na aliyepigwa kijembe huenda asihisi mpaka afike nyumbani aone damu. Mabingwa wa vijembe hawajaisha. Nendeni mkasome maandishi ya leso za kina mama wa Mombasa na Lamu.

Neno kuu la pwani, kwa maoni yangu, ni fumbo. Linatokana na kufumba, kama tunavyofumba macho au kufumba kiganja juu ya sarafu. Jurjani alizungumzia kuazima, Aristotle kuhamisha. Mswahili alizungumzia kufunga na kufungua, kufumba na kufumbua. Katika picha hii watu ni wawili kila mara. Mmoja anafumba, mwingine anafumbua, na fumbo lisilofumbuliwa na yeyote ni kiganja kilichofungwa bure.

Muyaka bin Haji aliijua kazi hiyo. Aliishi Mombasa kati ya mwaka wa 1776 na 1840, wakati Wamazrui walipokuwa wakiutawala mji na Sayyid Said wa Oman akiunyatia. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mombasa na Pate zilipigana na Lamu huko Shela, zikashindwa vibaya. Huku watu wakipigana kwa panga na bunduki, washairi walipigana kwa tungo. Muyaka upande wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu walirushiana mafumbo. Mwaka wa 1837 Mombasa ikaangukia mikononi mwa Sayyid Said, Muyaka akiwa mzee wa miaka sitini na mmoja.

Muyaka ana shairi mashuhuri kuhusu kimya. Ukilisoma darasani Nakuru leo utaona nasaha: jihadhari na mtu aliyenyamaza. Lakini mtu wa Mombasa aliyeishi akijua kwamba kuna mtawala ng'ambo ya bahari anayengoja wakati wake, naamini hakuhitaji kuambiwa kimya kile kinaweza kuwa cha nani. Ufunguo wa fumbo haukuwa ndani ya shairi. Ulikuwa mtaani, barazani, kwenye kahawa. Ndiyo sababu kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor, waliokusanya tungo hizi mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa ya thamani mno. Wangechelewa kidogo, tungebaki na viganja vilivyofungwa. Diwani yenyewe ilitolewa na William Hichens mwaka wa 1940, karne moja kamili baada ya mshairi kufa.

Kutoka kwa Muyaka hadi kwa Abdilatif Abdalla ni hatua moja tu, kwani wote ni wana wa Mombasa na mmoja alisomwa na mwingine kwa makini. Mwaka wa 1968, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, Abdilatif aliandika waraka ulioitwa *Kenya: Twendapi?* Waraka ule ulisema waziwazi. Serikali ikaambiwa inakosea wapi, kwa lugha ya hakika, bila majazi. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Gerezani akaanza kutunga mashairi, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakatoka mwaka wa 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*.

Miongoni mwake limo "Mamba". Kuna mamba mtoni anayetakabari na kujiona atadumu milele. Hatajwi rais, hatajwi waziri, chama wala hakimu. Mshairi anatangaza mwanzoni kabisa kwamba jambo ameliacha limefumbwa, na wenye uwezo wa kulifumbua walifumbue. Hii ndiyo istiara ya Jurjani kwa ukamilifu wake: Zaid ameondolewa, amebaki mnyama. Na ndilo fumbo la Muyaka pia. Kama mshairi angesema "fulani ni mamba", angekuwa amewapa kina yahe waliomfunga ushahidi mwingine mkononi. Kwa kumwacha mamba peke yake mtoni, yeyote atakayelalamika kwamba ametukanwa itabidi kwanza akiri kwamba amejiona mle majini.

Mwaka wa 1974 kitabu hicho kikatunukiwa tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi. Wanafunzi wangu wakiniomba mfano wa kinaya, kwa maana ya Kiswahili cha leo, huwapa huo.

Sasa turudi kwenye hukumu niliyoahidi. Katika Kiswahili cha shule zetu, sitiari, istiari na istiara ni jina moja lililovaa kanzu tofauti, na limekubalika kuwa na maana ya kulinganisha bila kiungo. "Juma ni simba" inaingia humo. Mwanafunzi alisema kweli, apewe alama yake na aombwe radhi. Mwalimu wa jazanda ana hoja, ila si kwa sentensi hii. Jazanda, kama tunavyoitumia Kenya, ni ile picha ambayo kinacholinganishwa kimefichwa. Ninavyoona mimi, imekwenda kukalia kiti ambacho istiara ya Jurjani ilikiacha wazi iliposhuka na kuwa jina la "Juma ni simba". Mamba wa Abdilatif ni jazanda. Juma hajafichwa popote.

Ila nina neno kwa wanaotunga maswali. Kutaja jina ni robo ya kazi, tena robo iliyo nyepesi. Mwulizeni mtoto: nani amesema Juma ni simba, na anamwambia nani? Likisemwa na kocha kuhusu beki wake, ni sifa. Likisemwa na mke wa Juma kwa dada yake, sauti ikiwa chini, pengine ni kilio. Na likisemwa na mfugaji wa Kajiado aliyeamka asubuhi akakuta zizi limevunjwa na ndama wawili hawapo, basi huyo Juma afadhali asikutane naye njiani. Sentensi ni hiyo hiyo, maneno matatu, na kila kitabu kitaiita sitiari. Mwanafunzi anayeweza kuwatofautisha hao wasemaji watatu amefika, hata kama ameandika istiari kwa herufi zilizopinda.

Mwandishi wa barua ameuliza pia kwa nini Kenya tunasema tasfida na ndugu zetu wa Tanzania wanasema tafsida. Hilo lina ugomvi wake na nafasi imeniishia. Tukutane juma lijalo.